Msimu wa Vifuko Vidogo

Jumatatu, 3 Machi

Mvua bado, lakini mbingu imevimba tangu asubuhi. Mimi maneno hunikimbia mbele za watu na kurudi nikishakuwa peke yangu, wakati hayana kazi tena. Basi nitayakamatia humu.

Nimeanza kazi leo. Kliniki iko ghorofa ya pili, juu ya duka la vigae, na ngazi zake zinanuka saruji hadi ufike mlangoni. Ukishafungua mlango inakuwa harufu ya dawa na maua ya plastiki yaliyopuliziwa manukato. Mama Mdogo ni muuguzi hapo, na ndiye aliyenitafutia nafasi ya mapokezi hadi majibu ya mtihani yatoke.

"Tabasamu," ameniambia, "na mteja usimwite mgonjwa. Hawa hawaumwi. Wanakuja kurekebisha matiti."

Mbali na mapokezi kazi yangu ni vifuko. Ni vya silikoni, vya kila ukubwa, vimepangwa kwenye droo za kabati la chumba cha kioo. Mteja anaviweka ndani ya sidiria ya kubana, anavaa fulana ya kijivu juu yake, kisha anatembea, anakaa, anainama, anajiangalia ubavuni. Akishachagua ukubwa wa kupandikizwa, mimi naviosha kwa sabuni, navifuta, navirudisha. Vikiwa vimelowa vinateleza kama samaki. Droo ya chini kabisa ina vile vikubwa, na vimeshika vumbi.

"Zamani hivyo ndivyo vilivyokuwa havikai kwenye droo," alisema Mama Mdogo. "Sasa watu wamegeuka. Kila mtu anataka kidogo tu, aonekane kama hajafanya kitu."

"Sasa kama anataka aonekane hajafanya kitu, si asifanye?"

"Na mdomo," alisema Mama Mdogo, "ufunge."

Alhamisi, 6 Machi

Mvua imeanza. Wateja wengi, vifuko vingi. Vidole vyangu vimenyauka kwa sabuni.

Jumamosi, 8 Machi

Nakaa kwa Dada na Shemeji tangu nimalize shule. Dada anauza mapazia. Kutwa yuko juu ya ngazi, mikono hewani, anatundika na kutundua. Leo amerudi amekishika kifua upande wa kushoto kwa kiganja, kama mtu aliyebeba yai.

Alifanyiwa upasuaji wa matiti kabla hajaolewa, enzi za vile vya droo ya chini. Mimi nilikuwa mtoto, nakumbuka tu watu walivyokuwa wakigeuza shingo barabarani, na Dada akitembea katikati yao kama barabara ni yake. Alipenda. Alinunua blauzi za kila rangi. Sasa la kushoto limekuwa gumu na linavuta akinyanyua mkono. Ameniambia ni kama ameficha limau bichi ndani ya ngozi.

Shemeji anauza magodoro, na kila kitu duniani anakisema kama godoro. "Yale yalikuwa mambo ya wakati ule, mke wangu. Siku hizi watu wanataka madogo, laini, yanayokaa vizuri. Hata simu za vitufe tulizipenda enzi zake." Akacheka. Dada naye akacheka, bado kashika kifua.

Nilitaka kumwuliza Shemeji tumbo lake ni toleo la mwaka gani. Nikabeba vyombo jikoni.

Jumanne, 11 Machi

Nimekasirika hadi kalamu imetoboa karatasi ukurasa wa nyuma.

Alikuja mama mmoja mwenye miwani mikubwa, mtu wa ofisi, mchangamfu. Alijaribu vifuko hivi, akajaribu vile, akaviondoa. "Hapana, Daktari. Hivi bado vinasema. Mimi nataka visiseme." Daktari anapenda wateja wa namna hiyo. Ana sauti ya upole, na anakumbuka hadi majina ya watoto wa watu. Akaniambia nilete vidogo zaidi. Nilipoingia navyo, yule mama akaninyooshea kidole kifuani.

"Kama ya huyu. Hivyo hivyo."

Daktari akanigeukia, akanitazama kama fundi anavyotazama kitambaa. "Eh, binti ni mfano mzuri sana. Huo ndio uwiano tunaouzungumzia."

Wakanitazama wote wawili, kwa starehe zao. Mimi nilikuwa nimeshika sinia.

Nina miaka kumi na tisa. Shuleni waliniita Pasi kwa sababu ya kifua hikihiki, bapa kama kilichopigwa pasi. Nikiingia darasani wavulana walikuwa wakinusa hewani, "Jamani, nani kaacha pasi inawaka?" na wasichana wakicheka kwa vitabu mdomoni. Nilijifunza kukaa nimekunja mabega. Sasa mabega yaleyale yamekuwa uwiano. Kule nilikuwa kasoro, huku ni sampuli, na kote kuwili hakuna aliyeniomba ruhusa ya kuangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Tena. Mteja mwingine, maneno yaleyale. "Kama ya huyu." Huyu hakunyoosha kidole, alitumia kidevu.

Jumatatu, 17 Machi

Wawili leo. Nimeanza kubeba sinia juu, mbele ya kifua. Mama Mdogo akaniuliza kama nabeba keki ya harusi.

Jumatano, 19 Machi

Tumeletewa sare mpya, fulana nyeupe. Daktari amenunua taa za kupigia picha na alitaka kuzijaribu. Akaniambia nisimame ukutani, Mama Mdogo akapiga. "Sogea kidogo. Tulia. Usiogope, binti, ni taa tu," alisema Daktari. Sijui kusimama nikitazamwa. Mikono inakuwa mingi.

Jumapili, 23 Machi

Mvua siku nzima. Dada hakuweza kufunga vifungo vya mgongoni, nikamfungia. Amesema atakuja kliniki kwetu atolewe haya na awekewe madogo. Shemeji amefurahi, amemsifu kwa simu kwa rafiki yake mmoja, nikisikia. "Wife anakwenda na wakati."

Wife.

Jumatatu, 31 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Nilifika nimelowa. Kwenye ukuta wa mapokezi, mkabala na viti vya wateja, kulikuwa na bango jipya refu kunizidi. Mwili wa msichana kuanzia chini ya kidevu hadi kiunoni, ndani ya fulana nyeupe. Mkono wa kulia umeshika kiwiko cha kushoto. Chini pameandikwa kwa herufi za dhahabu: MATOKEO YA ASILI. MIEZI SITA BAADA YA UPASUAJI. HAKUNA ATAKAYEJUA.

Nililitazama kama mtu anavyotazama nguo yake kwenye kamba ya jirani. Nilijua kitu kabla sijakielewa. Kisha nikajiangalia mikono. Nilikuwa nimeshika kiwiko cha kushoto.

Hivyo ndivyo ninavyosimama nikitazamwa. Sikujua. Imebidi niwekwe ukutani ndipo nijue.

Hakuna atakayejua. Watajuaje, wakati hakuna kilichofanyika? Hakuna upasuaji, hakuna miezi sita, wala hayo matokeo. Ni mimi, siku taa zilipojaribiwa, nikiwaza kwamba soksi zangu zimelowa.

Nikamvuta Mama Mdogo stoo.

"Uso haupo," alisema kabla sijafungua kinywa. "Nani atakujua?"

"Mimi najijua."

"Daktari aliniambia ni ya sare. Haki ya Mungu, mwanangu, ndivyo alivyoniambia. Nimelikuta bango asubuhi kama wewe."

"Basi tumwambie alitoe."

Akaanza kupanga mabomba ya sindano yaliyokuwa yamepangwa tayari. "Kila kliniki ina picha. Unafikiri wale wa kwenye sabuni wanaogea sabuni ile? Mwache. Utasahau."

Nikaenda mwenyewe kwa Daktari. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Nikagonga, nikaingia, nikasema, "Daktari, ile picha." Akainua uso, akatabasamu tabasamu lile analompa kila mtu. "Umeiona eh? Umetoka vizuri sana." Akanigusa bega, akapita kwenda chumba cha upasuaji, na mimi nikabaki nimesimama mbele ya kiti kitupu. Maneno yalirudi yote nilipokuwa nashuka ngazi kwenda nyumbani. Niliyasema kwa sauti. Mlinzi wa duka la vigae akaniuliza kama naongea naye.

Jumanne, 1 Aprili

Watu watano wamekaa mbele ya bango leo. Wanalitazama kama wanavyotazama menyu. Mimi niko chini yake, napokea simu, nimevaa fulana ileile. Hakuna aliyeona.

Jumatano, 2 Aprili

Dada amekuja.

Niliomba mvua imzuie. Ilikuwa manyunyu tu. Aliketi, akanikonyeza, akajifanya hanijui ili kunichekesha. "Habari, dada wa mapokezi, hapa mnauza maandazi?" Kisha macho yake yakapanda ukutani. Yakakaa hapo. Niliona uso wake ukilegea, kama mtu aliyeonyeshwa kitanda baada ya safari.

Niliingiza vifuko chumba cha kioo. Hata hakuvitazama sana. Alimwambia Daktari, "Mimi nataka kama yale ya ukutani."

"Utayapata," alisema Daktari.

"Hata kwa ngozi yangu ilivyovutwa?"

"Utayapata. Yule naye alianza na wasiwasi kama wewe."

Yule naye. Nilikuwa hatua moja kutoka kwake, nimeshika sinia lake. Alilisema hilo bila kupepesa jicho, na sidhani hata alikuwa anadanganya kwa makusudi. Nadhani ameshasahau kwamba picha ile ina mwenyewe.

Upasuaji ni tarehe kumi na tano.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimemwambia. Tulikuwa tunakunja nguo, mvua inapiga bati, nikasema mara moja bila kupumua. "Dada, lile bango ni mimi. Sijafanyiwa kitu. Walinipiga picha nikiwa na sare."

Akacheka. Akaona sicheki.

"We mtoto, ile ni picha ya hospitali."

"Angalia kiwiko."

"Kila mwanamke ana kiwiko."

"Mwulize Mama Mdogo."

Akampigia palepale, akaweka sauti ya nje. Mama Mdogo akasema, "Mabango yanaletwa na Daktari, mwanangu. Mimi mambo ya mabango siyajui." Na akakata.

Nimekaa juu ya rundo la nguo, nikitazama simu. Mama Mdogo alinifundisha kufunga kamba za viatu.

Dada hakunigombeza. Ingekuwa nafuu. Alinishika kichwa, akasema polepole, "Najua unaogopa kisu kwa ajili yangu. Lakini usinitungie. Na usianze kunionea huruma kwamba Shemeji wako ananituma. Ya kwanza niliyataka mwenyewe. Nilikuwa nikipita, dunia inasimama, na nilikuwa napenda isimame. Sasa nataka kupita tu. Na lile la ukutani limepita tu, halimwombi mtu kitu. Ndilo ninalolitaka. Unaelewa?"

Naelewa. Ndicho kinachonichoma. Anachokitaka ni kitu kizuri, na anauziwa kwa picha ya mtu aliyekuwa akitamani ukuta ummeze.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Simsemeshi Mama Mdogo. Anaacha chai yangu mezani, naiacha ipoe.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua.

Jumanne, 15 Aprili

Barabara imejaa maji, vigae vya duka la chini vimezama ndani ya maboksi yake. Umeme umekatika na jenereta imeingia maji. Daktari ameahirisha kila kitu. Dada alikuwa ameshafunga tangu jana, hajala hata punje. Alilia kwa hasira, mimi nikalia kwa furaha, tukakumbatiana kila mtu na lake.

Tarehe mpya ni ishirini na tisa.

Jumanne, 22 Aprili

Yule mama wa miwani alirudi leo. Alifanyiwa mwanzoni mwa mwezi. Aliingia ameshika mkoba kifuani, akaketi mbele ya bango, akawa anatazama juu, anatazama chini, juu, chini. Baadaye akaniita kwa kidole, akainama aninong'oneze.

"Binti, yule msichana wa pale, wewe unamjua? Alikaa muda gani ndipo yakawa hivyo?"

Nilifungua kinywa. Mlango wa Daktari ukafunguliwa wakati huohuo.

Nilimsikia kupitia ukutani. "Moja liko juu, Daktari. Na yananibana. Hayajakaa kama yale." Sauti yake ya uchangamfu haikuwepo. Na Daktari, kwa upole wake wote: "Bado mapema, mama, subira. Ila niseme ukweli, mwili wako nao ni mgumu kidogo. Si kila mwili unapokea vizuri."

Alitoka amejiinamia. Aliniomba msamaha kwa kunisumbua.

Yeye ndiye kaomba msamaha! Mwanamke mzima ameenda nyumbani akiamini mwili wake una ukaidi, kwa sababu umeshindwa kufanana na mtu ambaye hakuna aliyemgusa. Nimejaribu kulala, sikuweza. Mashavu yananiwaka. Nimekuwa nikijiambia kwamba ninaona aibu. Si aibu hii. Hii ni hasira.

Jumamosi, 26 Aprili

Shemeji ameleta godoro jipya la Dada kupumzikia akitoka hospitali. Amelikalia yeye mchana kutwa, analijaribu.

Jumanne, 29 Aprili

Naandika yote kabla hayajanikimbia.

Mvua ilikuwa kubwa lakini umeme ulikuwepo. Dada aliingizwa chumba cha maandalizi asubuhi. Kuna utaratibu pale: kabla ya nusukaputi, mteja anaonyeshwa mara ya mwisho kifuko cha ukubwa aliochagua, akishike, akubali. Ni mimi ninayekipeleka.

Dada alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda ndani ya gauni la hospitali, amejifunika shuka. Daktari alikuwa ameshamchora kwa kalamu ya wino, mistari ya zambarau ilitokeza shingoni juu ya gauni, kama ramani. Mama Mdogo alikuwa anaandaa sindano. Ukutani, bango lile kwa udogo wake, ndani ya fremu, ili Daktari alitazame akifanya kazi.

Niliweka sinia. Dada akakishika kifuko, akakiminya, akatabasamu. "Kadogo kama andazi."

"Umekubali?" Daktari aliuliza.

"Nimekubali."

"Asante, binti. Funga mlango ukitoka."

Sikutoka. Nilikuwa nimepanga kusema, wiki nzima nimepanga, na maneno yakanikimbia kama kawaida yake. Basi nilikwenda hadi kwenye ile fremu, nikageuka, nikasimama kando yake. Wote watatu wakanitazama. Mikono yangu ikafanya inachofanya nikitazamwa.

"Binti," alisema Daktari.

"Mbona umesimama hivyo?" alisema Dada. Macho yake yakahama kutoka kwangu hadi kwenye fremu, yakarudi, yakahama. Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Niliona anavyoelewa. Alianza na kiwiko, akapanda begani, akamaliza na fulana.

"Daktari," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile anayowaulizia wateja wake upana wa madirisha, "mdogo wangu ulimfanyia lini?"

Daktari akacheka kidogo. "Ile ni picha ya mfano tu."

"Pale chini pameandikwa miezi sita baada ya upasuaji. Nauliza ulimfanyia lini."

"Una wasiwasi, ni jambo la kawaida kabla ya—"

"Uliniambia yule naye alianza na wasiwasi kama wangu. Yule ni huyu. Huyu alikuwa na wasiwasi gani?"

"Muuguzi," Daktari alisema, "tuendelee."

Mama Mdogo alikuwa ameshika sindano. Akaiweka mezani. Akavua glavu moja, akasahau nyingine. "Hajafanyiwa," alisema. "Picha nilipiga mimi. Aliambiwa ni majaribio ya taa, na mimi niliambiwa ni ya sare. Ulivyonipigia simu nilikuwa najua. Nilikudanganya, mwanangu."

Daktari akasema, bado kwa upole, kwamba kila mahali wanafanya hivyo, kwamba ni namna ya kumsaidia mteja kuota. Nadhani neno hilo ndilo lililomshusha Dada kitandani.

"Kuota nitaota kwangu," alisema. "Nipe blauzi yangu."

Nilimfunga vifungo vya nyuma. Tukapita mapokezi. Wanawake walikuwa wamejaa, miavuli inachuruzika miguuni mwao, na bango limewasimamia. Dada akasimama katikati, mistari ya zambarau shingoni, akanishika mkono, akasema kwa sauti ya sokoni, "Jamani! Wa kwenye hilo bango ni huyu hapa, na hicho kifua amekuja nacho mwenyewe duniani!"

Hata yeye hakuniuliza. Vichwa vyote vikageuka kifuani kwangu, na kwa mara nyingine nikawa kitu cha kutazamwa. Nilimchukia Dada kidogo, hapohapo, mkono wangu ukiwa ndani ya wake.

Mama mmoja kwenye kona akauliza, "Ni kweli, binti?"

Na maneno yakaja. "Ni kweli. Ni mimi. Sijafanyiwa chochote, na sikuulizwa. Na kuna mama kaambiwa hapa mwili wake ni mgumu kwa sababu haufanani na wangu. Mwili wake hauna kosa. Na naomba mniangalie usoni nikiongea."

Wakaniangalia usoni. Wote. Mwenye mwavuli mwekundu akasema, "Samahani, mwanangu."

Tukashuka ngazi tumelowa kabla hatujafika kwenye mvua. Nilikuwa nalia.

Jumatano, 30 Aprili

Sina kazi. Mama Mdogo amepiga simu. Hajafukuzwa, ameacha mwenyewe, amesema mgongo unamwuma. Nikamwambia pole ya mgongo. Bado nina hasira naye. Tumeongea kuhusu mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Shemeji amesema nimemharibia mke wake mpango. "Kliniki ziko nyingi, nitamtafutia nyingine. Kwani picha inauma?"

Dada alikuwa anamenya viazi. "Tumbo lako ukitaka nitalitafutia kliniki pia," alisema. "Wana mabango."

Alhamisi, 8 Mei

Tumekwenda hospitali ya umma. Foleni ndefu, benchi la mbao, daktari mwanamke mwenye mafua aliyekuwa akipiga chafya kila sentensi ya pili. Alimpima Dada bila haraka, akaketi, akapenga kamasi.

"Kifuko cha kushoto lazima kitoke, kovu la ndani limekikaba. Cha kulia ni hiari yako. Ukitoa vyote bila kuweka kitu, ngozi imevutwa miaka mingi, itashuka. Matiti hayatalingana. Utakuwa na kovu chini ya kila moja, na usidanganywe kwamba hutaliona. Utaliona kila ukioga."

"Na nikiweka madogo?"

"Naweza. Watu wengi siku hizi wanataka hivyo, na wengine wanaridhika kabisa. Ila yatataka kuangaliwa miaka yote, na yako yameshakusumbua mara moja. Kovu hutalikwepa hata hivyo. Kafikirie."

Dada alifikiri hapohapo, kwa muda wa chafya mbili. "Toa. Usiweke kitu."

Barabarani alicheka peke yake. "Umemsikia yule? Amenitajia mabaya yote yaliyopo, na ndiyo kwanza nimepumua."

Jumatatu, 19 Mei

Wametoa. Yuko salama.

Jumanne, 27 Mei

Bandeji zimetolewa. Dada alikaa bafuni hadi maji yakapoa kwenye ndoo. Nilipoingia alikuwa ameketi kwenye kigoda amejifunga taulo.

"Niambie kweli," alisema, akafungua.

Nilitazama. Sikutaka kusema uongo, hata mdogo. "Yamenyauka. La kushoto liko chini. Kovu ni jekundu. Yanafanana na mifuko iliyotolewa vitu."

Akanitazama. Nikadhani nimeharibu. Akaanza kucheka, akajishika nyuzi, "usinichekeshe, we mjinga, zitafumuka," na kicheko kikageuka kilio, na nikakaa sakafuni kwenye maji hadi kikaisha.

"Niliyapenda, ujue," alisema. "Yale makubwa. Usije ukamwambia mtu nilikuwa mjinga."

Sitamwambia. Lakini hasira yangu haijui imshike nani. Wale waliomwambia makubwa ndiyo uzuri ni walewale wanaomwambia leo madogo ndiyo asili, na wakichoka watasema jambo jingine, kwa upole uleule, na kila mara mwenye kukatwa ni yeye.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua zimeisha. Vumbi limerudi barabarani.

Alhamisi, 19 Juni

Daktari wa mafua amemruhusu kunyanyua mikono, na kulala atakavyo.

Leo mchana nilipeleka nguo chumbani nikamkuta amelala kifudifudi. Amejitupa kama mtoto aliyetoka kucheza, shavu limebonyea kwenye mto, kinywa wazi, mate yanachuruzika. Sijawahi kumwona amelala hivyo tangu nipate akili. Nilifikiri ni mazoea yake kulala chali, kama malkia wa kaburini. Kumbe miaka yote hii alikuwa hawezi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua, na hata yeye hakuwahi kutuambia.

Nikasimama na nguo mkononi. Nikasikia viatu vya Shemeji ukumbini.

"Yuko wapi? Nina wageni sebuleni, mwambie aje asalimie. Na avae ile blauzi ya bluu, halafu aweke kitu ndani, sifongo, chochote, asije akaonekana..." Akafanya ishara kwa viganja.

"Amelala, Shemeji."

"Mwamshe."

"Simwamshi."

Hajawahi kusikia sauti yangu ikisema neno hilo. Wala mimi. Alinisogelea, nami nikasogea katikati ya mlango, nikaweka mkono mmoja kwenye fremu na mwingine upande wa pili, nguo zote zikaanguka chini.

"Wewe mtoto, hii ni nyumba yangu."

"Ndiyo, Shemeji. Wageni ni wako pia, kawasalimie. Dada amelala kifudifudi."

Akanyoosha shingo juu ya kichwa changu, akamwona. Sijui aliona nini. Alimsikiliza akikoroma, kisha akashusha viganja vyake, akageuka, akarudi sebuleni. Nikamsikia akiwaambia wageni kwamba mke wake amepumzika.

Nikaziokota nguo. Nikafunga mlango polepole, nikakaa nje yake.